Profesa Yuko Huru, na Mwanafunzi Je?

Naandika makala hii kwa sababu ya sentensi moja ambayo nimechoka kuisikia: "Prof iko huru kufundisha yenye anataka." Inasemwa hapa Mantapala, inasemwa sokoni Kashikishi, na kila ikishasemwa watu wananyamaza. Nani abishane na profesa? Mimi nimeishia sekondari. Kazi yangu ni vijana: mpira, majadiliano ya Jumamosi, kuwasaidia kujaza fomu za masomo. Lakini katika jambo hili nitabishana naye, na nitabishana pia na sisi tunaompigia makofi.

Habari yenyewe ni hii. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka mwisho wa mwezi wa pili, uvuvi wa Ziwa Mweru unafungwa ili samaki wazaane. Miezi hiyo vijana wanajaa kwenye kikundi chetu, maana hakuna chisense ya kuanika wala boti ya kusubiri. Mmoja wetu aliyebahatika kupata nafasi ya chuo kikuu alikuwa amerudi likizo. Chuo gani sitasema, na nchi gani pia sitasema. Alileta daftari lake ili awafundishe wadogo zake, na nia yake ilikuwa nzuri kabisa. Ndani ya daftari, kwa mwandiko safi, kulikuwa na somo zima juu ya "Dola la Hima". Kwamba tangu 1962 kuna mpango wa siri wa Wahima na Watutsi kuunda dola lao kutoka Uganda mpaka kwetu Tanganyika. Kwamba kila vita iliyopigwa tangu wakati ule ni ukurasa mmoja wa mpango huo. Kwamba watu wa sura ile, hata babu yake akizikwa Masisi, wote ni watumishi wa mpango. Kulikuwa hata na maelezo ya namna ya kuwatambua: urefu, pua, vidole.

Nikamwuliza, hiyo barua ya mpango mliionyeshwa? Akanijibu, "Yaya, ile ni ya siri. Kama wangeionyesha, ingekuwa siri tena?" Vijana wakacheka, wakapiga makofi. Nikamwuliza kama kuna mwanafunzi aliyebisha. Akasema ndiyo, mmoja aliinua mkono, na profesa akamwuliza kwanza baba yake anaitwa nani na anatoka kijiji gani. Darasa likaangua kicheko na yule akakaa. Halafu swali likatoka kwenye mtihani: eleza hatua za mpango. Aliyezieleza alipita.

Hapo ndipo nilipoacha kuona hili kama suala la profesa mmoja mwenye maneno mengi. Mtu anaposema anachoamini barabarani, au akiandika gazetini, mimi naweza kupita zangu. Darasani huwezi kupita. Cheti chako kiko mkononi mwa yule anayesema. Akisema uongo, unauandika, maana ada imelipwa na watu wanakungoja nyumbani. Katika darasa lile mtu mmoja tu alikuwa huru, na wengine wote walikuwa wanalipia uhuru wake kwa alama.

Sasa tuitazame hiyo barua, kwa sababu ina historia, na historia yake haimo kwenye daftari. Barua inayodaiwa kuwa ya 1962 ilitangazwa sana mwaka 1990 na gazeti la Rwanda lililoitwa Kangura. Mwaka huo huo, mwezi wa kumi na mbili, gazeti hilo hilo lilichapisha zile zinazoitwa amri kumi za Wahutu. Wanaojua habari za 1994 wanajua Kangura ni nini: mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa Arusha pamoja na watu wa redio RTLM. Hiyo ndiyo mikono iliyoipitisha barua. Imefika kwa profesa, profesa ameiweka kwenye ubao, ubao umeingia kwenye daftari, na daftari limevuka ziwa mpaka kwetu. Njiani hakuna aliyeuliza nani aliiandika.

Si mara ya kwanza dunia kuona karatasi ya namna hii. Mwaka 1903 huko Urusi ilichapishwa "Itifaki za Wazee wa Sayuni", eti mkutano wa siri wa Wayahudi wa kutawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha wazi kwamba sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha 1864, ambacho hakikuwa na habari ya Wayahudi hata kidogo. Kilikuwa kinamdhihaki Napoleon wa Tatu. Ushahidi ulikuwa wazi, meza moja, karatasi mbili zimelazwa pamoja. Lakini Itifaki ziliendelea kufundishwa, na katika Ujerumani ya Hitler zilifika mpaka shuleni. Waliozitaka walisema kama kijana wetu: kukosekana kwa ushahidi ndiyo ushahidi wa jinsi siri ilivyotunzwa.

Tena tusijidanganye kwamba mambo haya yanatoka kwa wajinga wa vijijini. Hadithi ya kwamba Watutsi ni wageni, Wahamiti waliotoka kaskazini, haikutungwa na mwanakijiji. Iliandikwa na Mwingereza John Hanning Speke katika kitabu chake cha safari cha 1863, kisha mwanachuoni Charles Seligman akaipa koti la sayansi katika kitabu cha 1930. Wakoloni waliifundisha mashuleni kuwasifu Watutsi na kuwadharau Wahutu. Baadaye wengine wakaigeuza upande wa pili: kama walitoka mbali, basi warudi. Léon Mugesera alikuwa na shahada ya udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, na alifundisha chuo kikuu Rwanda. Tarehe 22 Novemba 1992, pale Kabaya, alisimama kwenye mkutano wa chama akasema watu hao warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka na nusu baadaye mito ya Rwanda ilikuwa imebeba maiti. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016. Ferdinand Nahimana alikuwa mwanahistoria, mwalimu wa chuo kikuu, mwenye udaktari wa Paris, na mmoja wa waanzilishi wa RTLM. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2003, na rufaa ya 2007 ikamwachia miaka 30.

Nawataja hawa wawili si kwa kusema kila profesa mwenye daftari la namna hii ni muuaji. Nawataja kwa sababu watu waliwasikiliza wakiwa na vyeo vyao vya elimu. Mlevi akisema maneno yale kilabuni, watu wanasema pombe imempanda. Akisema daktari wa chuo kikuu, mzee wa kijiji anavua kofia.

Na sisi wa Katanga? Tusiwaonyeshe vidole Wanyarwanda tu. Wazazi wetu wanakumbuka 1992 na 1993, wakati wa gavana Kyungu wa Kumwanza, jinsi Wakasai walivyoitwa bilulu, yaani wadudu. Ilisemwa kwamba wana mpango: wameshika Gécamines, wameshika reli, wameshika shule, bado kidogo Katanga yote itakuwa yao. Walitolewa manyumbani, wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walifia pale pale na njiani. Walikuwa majirani. Baadhi yao hawajawahi kuiona Kasai hata siku moja. Sijasikia mzee yeyote hapa kambini akituonyesha huo mpango wao. Naweza kusema hakuna atakayeuonyesha.

Hata hapa Zambia, nchi iliyotupokea na ambayo tunaishukuru, tuliona. Mwezi wa nne 2016, Lusaka, kwenye mitaa ya Zingalume na George, watu walikuwa wameuawa na maiti zikakutwa zimekatwa viungo. Hofu ilikuwa ya kweli. Kisha ukaenea uvumi kwamba ni Wanyarwanda, ndiyo maana maduka yao yanaendelea vizuri. Makumi ya maduka yalivunjwa na kuporwa. Watu wawili walichomwa moto wakafa, na polisi walisema wote wawili walikuwa Wazambia. Uvumi ulichoma hata watu ambao haukuwataja.

Nasikia tayari jibu, maana nililipata siku ile ile kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma: "Kijana, usitufanye watoto. Njama ziko." Ndiyo, mzee wangu. Ziko. Hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu, na sitaki kuuruka.

Lumumba aliuawa kwenye ardhi yetu ya Katanga tarehe 17 Januari 1961, na kwa miaka mingi aliyesema Wabelgiji walihusika aliambiwa anatunga. Halafu bunge la Ubelgiji lenyewe likaunda tume, ikafungua makabati, na mwaka 2001 ikasema Ubelgiji ina wajibu wa kimaadili katika kifo kile. Mwaka 2002 serikali yao ikaomba radhi. Mwaka 2022 wakarudisha jino, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Hiyo ilikuwa njama ya kweli, na ilijulikana kwa karatasi, kwa majina na kwa maungamo.

Kilwa nayo ni hapo tu ng'ambo. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini, jeshi likaja kuukomboa, na likaua watu zaidi ya 70. Wengi walivuka ziwa kuja upande huu. Jeshi lilisafirishwa kwa magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba Dikulushi. Kampuni ilisema ililazimishwa kuyatoa. Mahakama ya kijeshi Lubumbashi mwaka 2007 iliwaachia watu katika kesi ya mauaji yale. Mtu angeweza kukaa na kunung'unika tu kwamba wakubwa wamepanga. Badala yake mashirika ya haki za binadamu yalikusanya ushahidi, jina kwa jina, yakaupeleka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na tume ikaikuta serikali ya Kongo na hatia, ikataka walalamikaji walipwe dola milioni 2.5. Kulipwa ni hadithi nyingine, tunawajua wakubwa wetu. Lakini ukweli uliandikwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapa hapa Zambia. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola. Alikuwa anakuja kuonana na Moïse Tshombe juu ya vita ya Katanga. Wachoma mkaa Waafrika waliokuwa msituni usiku ule walisema waliona ndege ya pili, waliona mwanga, waliona moto angani. Tume ya wakoloni wa Rhodesia haikuyapa uzito maneno ya Waafrika. Ikasema ni kosa la rubani. Kwa miaka hamsini ushahidi wao ulihesabiwa kama ndoto.

Walioufufua ni kina nani? Mswidi mmoja aliyekuwa akifanya kazi za maendeleo alirudi msituni kuwauliza wazee waliobaki hai. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha London, Susan Williams, aliingia kwenye maktaba za nyaraka, akatoa kitabu mwaka 2011. Baada yake Umoja wa Mataifa ukafungua jambo upya, na aliyekabidhiwa ni Mtanzania, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa nchi yake. Soma jinsi anavyosema. Hasemi "tunajua ni wao". Mwaka 2017 alisema inawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilisababisha ajali. Anataja nchi ambazo hazijafungua nyaraka zao, na anaziomba zifungue. Anaacha mlango ambao kesho karatasi moja inaweza kuingia nao na kumwonyesha kwamba rubani kweli alikosea.

Mzee, tofauti ni hii. Mwambie Jaji Othman, "Ni kitu gani kingekufanya useme umekosea?" Atakutajia. Mwulize profesa wa daftari swali hilo hilo. Hakuna kitu. Barua ikionekana, ni ushahidi. Isipoonekana, ni ushahidi zaidi. Mtutsi akipigana, ni mpango. Asipopigana, anajificha. Maneno ya namna hiyo hayawezi kukosea, na neno lisiloweza kukosea si elimu, hata likisemwa kwenye jumba lenye ghorofa sita.

Tena sisemi Rwanda haina mkono kwenye vita ya Kivu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika tangu 2012, na tena miaka hii ya karibuni, juu ya msaada wa Rwanda kwa M23. Someni ripoti zile. Zinataja ofisa, cheo, tarehe, njia ya msituni, aina ya silaha. Daftari linataja pua. Unaweza kumpeleka ofisa mahakamani. Pua utaipeleka wapi, kama si kwa watu wenye mapanga?

Na kuna jambo moja linaloniuma kama mkimbizi wa upande huu. Sisi wa Pweto, Moba, Manono, Mitwaba hatukukimbia Wahima. Wengi tulikimbia vita ya Waluba na Watwa, wanamgambo wa Bakata Katanga, askari wasiolipwa waliojilipa kwetu. Kuna watu waliowapa vijana silaha, na kuna viongozi waliokaa kimya. Lakini kijana wetu alipofika ukurasa wa mwisho wa daftari, vita yetu nayo ilikuwa imeingizwa kwenye mpango wa 1962. Nikaona jinsi wakubwa wetu wanavyotoka bure. Yule aliyechoma nyumba ya mama yangu mdogo ni mtu, ana jina, na watu wa kijiji wanamjua. Profesa amemfutia kesi.

Njo maana sikubali kuambiwa eti nadharia hizi zinawafungua watu macho. Zinawafumba, kisha zinawapa adui wa kumpapasa gizani.

Sasa wengine kikundini, walipoona nimekasirika, walirukia upande wa pili: basi serikali imfukuze profesa, imfunge, ipige marufuku somo. Hapo pia nasema hapana, na ninasema nikijua historia ya chuo chetu cha Lubumbashi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, baada ya wanafunzi kuwafichua wenzao waliokuwa wapelelezi wa Mobutu, watu wenye silaha waliingia kwenye mabweni na kuwashambulia. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walihesabu makumi, wengine zaidi. Mpaka leo hesabu haijakubaliwa, na nchi haikupata ukweli wake kwa sababu ukweli ulikuwa mali ya serikali. Ukiipa serikali ile ile mamlaka ya kuamua nadharia gani ni uongo, ya kwanza kufutwa itakuwa habari ya Mei 1990.

Hata Zambia, nchi ya amani, Machi 2021 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Zambia, Sishuwa Sishuwa, aliandika makala kwamba nchi inaweza kuingia kwenye fujo baada ya uchaguzi wa Agosti, na akaeleza sababu zake pamoja na njia za kuepuka. Balozi mmoja wa serikali akataka polisi wamshughulikie kwa uchochezi. Chuo chenyewe kikajitenga naye. Wasomi wengi wa nchi mbalimbali wakamtetea, na walifanya vizuri. Yeye alitoa sababu zinazoweza kupimwa, na nchi ilikuwa na miezi mitano ya kuzipima. Kumjibu ilikuwa rahisi: andika makala nyingine. Lakini mwenye nguvu anapenda polisi kuliko kalamu.

Kwa hiyo uhuru wa kitaaluma nautetea. Nautetea kwa sababu bila huo Susan Williams asingeandika, na wachoma mkaa wa Ndola wangebaki waota ndoto. Lakini watu wanaolitaja neno hili wakumbuke lilivyoandikwa na wasomi wetu wenyewe. Mwaka ule ule wa 1990, Aprili, walimu wa vyuo vya Tanzania walitoa Azimio la Dar es Salaam. Novemba, wasomi wa Afrika walikutana Kampala wakatoa la kwao. Tazama majina tu ya maazimio hayo: moja ni la uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii, la pili ni la uhuru wa fikra na wajibu kwa jamii. Maneno mawili, yamefungwa pamoja kama makasia ya mtumbwi mmoja. Walikuwa wametoka kuona walimu wakifungwa Kenya, vyuo vikifungwa Zambia, na wale wa Kampala hata damu Lubumbashi, na bado hawakuandika uhuru peke yake. Na wanafunzi walihesabiwa humo ndani kama watu wenye haki.

Haki gani? Ya kuinua mkono bila kuulizwa baba yako ni nani. Ya kuandika kwenye mtihani, "Sikubali, na sababu zangu ni hizi," ukapata alama kwa sababu zako. Kama profesa anataka kufundisha Dola la Hima, alifundishe mchana kweupe: alete Kangura darasani, aseme nani alichapisha na lini, alete Speke na Seligman, aonyeshe jinsi hadithi ilivyopita mikono, alete wanahistoria wanaoipinga, kisha awaachie wanafunzi waipasue. Darasa la namna hiyo ningelipa kiingilio. Na wenzake wa idara moja, ambao wanajua vizuri kinachofundishwa chumba cha pili na wanapita koridoni wakitazama simu, waingie kwenye mjadala. Polisi hatuwahitaji. Tunahitaji profesa mwingine mwenye ujasiri wa kusema mbele ya watu, "Mwenzangu, hii ni bongo, na nitakuonyesha wapi."

Watoto wetu wachache sana wanafika chuo kikuu. Ukitoka Mantapala ukapata ufadhili, watu wote wa bloku wanakusindikiza mpaka barabarani, na bamama wanakufungia chisense kwenye mfuko. Ukirudi, unachosema kinakuwa sheria. Kijana wa darasa la saba anakusikiliza wewe kuliko mchungaji. Hiyo ndiyo sababu daftari lile limenikosesha usingizi kuliko uvumi wote wa sokoni.

Na uvumi wa sokoni upo, mnaujua. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia tunausikia kwenye basi la kwenda Nchelenge: kwamba Wakongo hatukukimbia kitu, kwamba tumeletwa ili tupewe kadi za kura, kwamba kambi ni mpango wa kuchukua ardhi na ziwa. Leo wanausema watu wachache kwenye basi, na wenzao wanawaambia wanyamaze. Sasa fikiri mwalimu wa chuo fulani ameupenda. Ameupa jina, ameupa tarehe, ameuwekea hatua tano, amechora na sura zetu jinsi tunavyotambulika. Swali limetoka kwenye mtihani: eleza mpango wa Wakongo. Mtoto wetu amekaa dawati la nyuma na kalamu yake. Ataandika nini ili apite?